Dakika Tano za Kicheko

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1991. Asubuhi mawingu na hewa nzito. Manyunyu tangu saa sita na nusu hadi saa saba kasorobo. Baada ya hapo jua, upepo kidogo.

Ndivyo linavyosema daftari la okestra ya shule yetu kuhusu siku ile ya tamasha. Hali ya hewa tuliiandika kila siku ya mazoezi kwa amri ya mwalimu wa muziki. Unyevu ukizidi, nyuzi za fidla hulegea na karatasi za nota hujikunja, naye alitaka kujua ni siku gani za kuwakasirikia wapigaji na ni siku gani za kuyakasirikia mawingu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa mtunza nota, na pia nilipuliza tarumbeta ya pili. Tarumbeta ya kwanza alikuwa msichana tuliyemwita Birika, na habari hizi ni zake.

Wanaomfahamu leo wanamjua kama msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa. Ana wafanyakazi kumi na mmoja, mashine nne za kufua, na rola refu la kupigia pasi ambalo shuka huingia upande mmoja zimekunjamana na kutokea upande wa pili zimenyooka, zina moto. Shuka za hospitali hukunjwa na watu wawili: mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnakutana katikati, mnarudi nyuma tena. Mfanyakazi mgeni akipangwa kukunja na Birika, wenzake humwonya mapema: "Ukikutana naye katikati, usimtazame machoni. Mtashinda hapo na shuka mbili." Mwaka huu ametimiza miaka arobaini na tisa na bado hajaacha kucheka.

Jina hilo la Birika alipewa kidato cha kwanza, kwa sababu ya namna anavyocheka. Hakuwahi kuangua kicheko mara moja kama watu wengine. Kwanza hewa ilitoka kati ya meno, tsss, kidogo sana, kama maji yanayoanza kupata moto. Kisha mabega yakatikisika kama kifuniko. Kisha, usipomwahi, ikaja filimbi yenyewe, nyembamba na ndefu, na hapo hakuna aliyebaki salama chumbani.

Kwa mpiga fidla hilo lisingekuwa tatizo. Mpiga fidla anaweza kucheka hadi machozi yakamlowesha kidevu na mkono ukaendelea na kazi yake. Mpuliza tarumbeta hawezi. Midomo ikishatanuka, hewa hupita pembeni, na kinachotoka ni sauti ya bata aliyekanyagwa. Na safu yetu ya nyuma ilikuwa ya wapulizaji watupu: Birika, mimi, na mvulana wa tromboni tuliyemwita Bomba. Bomba alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kupokea habari mbaya, na sikuwahi kumwona akicheka. Alichofanya ni kuinua nyusi moja. Ilitosha.

Mbele yetu alisimama mwalimu wa muziki mwenyewe, ambaye shule nzima ilimwita Springi. Wimbo ulipotakiwa kuwa mpole, Springi alikunja magoti na kushuka taratibu nyuma ya stendi yake mpaka zikabaki nywele tu na ncha ya fimbo. Wimbo ulipopata nguvu, alifyatuka kwenda juu hata koti likapanda mabegani. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Alikuwa mtu mwenye heshima zake.

Baada ya mazoezi mawili kuvunjika katikati, Springi aliweka utaratibu ambao sijausikia kwingine. Kabla hatujaanza, safu ya nyuma ilitolewa nje, nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji.

"Mna dakika tano," alisema. "Chekeni mpaka ziishe. Mkirudi humu sitaki kuona hata jino."

Basi tulitoka, tukacheka kwa amri. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Dakika ya kwanza hakuna kinachochekesha, mnatazamana tu kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Dakika ya pili Birika anasema, "Jamani, muda unakwenda, hatujacheka," na hapo ndipo inapoanza. Dakika ya tano tuliingia tumechoka, midomo imetulia, tukapiga vizuri. Niliandika daftarini: *Safu ya nyuma, kicheko dakika 5, saa tisa na dakika kumi hadi na robo.* Nilidhani ni sehemu ya kumbukumbu rasmi.

Hatari kubwa ilikuwa nyumbani kwao.

Baba yake alikuwa fundi saa. Duka lilikuwa mbele, familia iliishi nyuma, na stoo ilikuwa katikati, imejaa saa za ukutani zisizotembea. Humo ndimo Birika alimofanyia mazoezi. Fundi saa alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa na vidude vidogo kuliko punje ya sukari, na kila tarumbeta ilipolia alilazimika kuinua mikono juu ya meza na kungoja. Pengine hilo angelivumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni kwamba wimbo haukuwahi kwisha.

Katika wimbo wetu mkubwa Birika alikuwa na mahali pa kupiga peke yake. Nota huandikwa zikiwa zimegawanywa kwa mistari ya wima, na nafasi kati ya mstari na mstari sisi tuliita chumba. Vyake vilikuwa vyumba vinane. Miezi mitatu alivipiga stoo, na miezi mitatu, akifika cha tano au cha sita, alimkumbuka Springi akishuka nyuma ya stendi, na tsss.

"Unacheka na nani humo ndani?" baba yake aliuliza siku moja kupitia ukutani.

"Peke yangu, Baba."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Wiki moja kabla ya tamasha alimwita dukani. Birika alinieleza kesho yake, akiwa hana mzaha, na nilikuwa sijamzoea katika hali hiyo.

"Amesema atakuja kusikiliza. Akisikia vyumba vinane tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika, naendelea. Vikikatika, tarumbeta inarudi shuleni na mimi jioni zangu nafanya hesabu."

"Hadi lini?"

"Hadi nimalize shule. Katibu, nikitolewa okestra nitakufa." Mimi ndiye niliyeitwa Katibu, kwa ajili ya lile daftari.

"Hufi."

"Sawa, sifi. Lakini nitakaa tu nyumbani naangalia saa, na zenyewe ndizo nyingi."

Alifikiri siku mbili. Jumanne alikuja mazoezini na jibu. Alikuwa akivaa miwani mizito, na bila hiyo asingemtofautisha mwalimu mkuu na kabati.

"Nikimwona, nacheka," alisema. "Basi nisimwone." Akaivua miwani, akaitia katika mfuko wa shati langu.

Siku hiyo Springi alishuka na kupanda mara nne. Birika alimtazama kwa utulivu wa mtu anayetazama ukungu.

"Umeona nini?" Bomba alimwuliza.

"Shati lililoanikwa. Upepo kidogo."

Yakabaki mambo mawili. Hakuweza tena kusoma nota, kwa hiyo vyumba vinane akavikariri, jambo lililomchukua nusu saa kwa sababu alikuwa ameshavipiga mara elfu. La pili lilikuwa gumu zaidi. Kabla ya vile vinane, safu ya nyuma ilinyamaza vyumba arobaini mfululizo, huku fidla zikiendelea, na mwisho wake Springi alimwonyesha Birika kwa fimbo kwamba aingie. Fimbo hiyo sasa asingeiona.

"Nitahesabu mimi," nilimwambia. "Arobaini ikiisha, nakukanyaga mguu."

"Usinikanyage sana."

"Nitakukanyaga kiasi."

Jumatano na Alhamisi na Ijumaa nilihesabu kwa vidole juu ya goti, nikamkanyaga kiasi, akaingia kama mlango unaofungwa kwenye fremu yake. Nilijivunia sana. Katika karatasi yetu, mwisho wa chumba cha kumi na sita kati ya vile arobaini, palipoishia sehemu ya kwanza ya fidla, palikuwa na zile nukta mbili zinazomwamuru mpigaji arudi nyuma apige sehemu hiyo tena. Springi alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba haturudii. Nukta hizo nilizifuta kwa penseli mwenyewe, kwa mstari ulionyooka, kwa kutumia rula.

Jumamosi saa tisa kasoro dakika kumi, ukumbi ulikuwa umejaa. Fundi saa alikaa safu ya tatu, mwisho kabisa, amevaa koti, mikono juu ya magoti. Mama yake Birika alikuwa kando yake anajipepea kwa karatasi ya ratiba.

"Safu ya nyuma," Springi alisema. "Nje."

Tukatoka. Birika alikuwa na hofu hata kicheko kiligoma. Dakika tatu nzima tulisimama kimya kando ya tangi. Ndipo Bomba, ambaye hakuwahi kusema neno pale, akakunja magoti akashuka polepole nyuma ya tangi la maji, mpaka zikabaki nywele. Akafyatuka. Tulicheka hadi Birika akashikilia koki ya tangi asianguke. Tulizidisha muda kwa dakika mbili, na niliandika hivyo.

Kumbe dakika hizo, ndani ya ukumbi, mwalimu mkuu alikuwa amemwendea Springi na kumnong'oneza kwamba mgeni wa heshima amechelewa, wimbo urefushwe kidogo. Springi akawageukia wapigaji. "Leo ile sehemu ya kwanza ya fidla tunairudia. Mmesikia wote?" Wote wakaitikia kwamba wamesikia. Hakuna aliyekumbuka watu watatu waliokuwa nje wakicheka kwa amri yake.

Tukaingia, tukakaa. Miwani mfukoni mwangu. Springi akainua fimbo.

Tulianza vizuri. Ikafika zamu yetu ya kunyamaza, nikaanza kuhesabu. Mtu anaweza kuuliza kama sikusikia fidla zikirudi nyuma na kupiga yale yale kwa mara ya pili. Sikusikia. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu, na anayehesabu kwa uangalifu hana nafasi ya kusikiliza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Nikamkanyaga.

Birika akaingia vyumba kumi na sita mapema.

Na akaingia kwa nguvu zake zote. Springi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akampungia mkono wa kushoto: acha, acha. Birika aliona kitu cheupe kinapepea, akadhani anatiwa moyo, akaongeza sauti. Fidla za mbele zikasita. Mmoja akanyamaza, jirani yake naye akanyamaza, kisha filimbi, kisha ngoma, mmoja mmoja, kama taa za nyumba zinavyozimwa, mpaka ikabaki tarumbeta peke yake katika ukumbi mzima. Vyumba vinane. Tangu mwanzo hadi mwisho, safi, hakuna hata nota moja iliyotetereka. Sijasikia ikipigwa vizuri namna ile tena, na yeye anasema hajaipiga hivyo tena.

Akashusha tarumbeta. Ukumbi ukawa kimya kama darasa siku ya mtihani.

"Katibu," alininong'oneza, uso unamng'aa. "Mbona wamenyamaza? Nimewapendeza?"

"Umeanza mapema."

"Mapema kiasi gani?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. "Vyumba kumi na sita."

"Si wewe uliyenikanyaga?"

"Ni mimi."

Hapo ndipo tulipoisikia. Tsss. Kidogo sana, kati ya meno. Nilimgeukia Birika kwa hasira, nikaona midomo yake imefungwa.

"Siyo mimi," alisema. "Nani huyo?"

Nilitazama ukumbini. "Ni baba yako."

"Acha utani wako."

"Haki, ni baba yako."

"Nipe miwani. Nipe haraka!"

Akaivaa. Safu ya tatu, mwisho, fundi saa alikuwa amejikunja juu ya magoti yake, mabega yanatikisika kama kifuniko, na mama anampiga mgongoni kwa ratiba. Kisha ikamtoka filimbi, nyembamba na ndefu, ile ile. Birika alimtazama kama mtu aliyekutana na sura yake mwenyewe barabarani. Halafu naye, tsss. Birika mbili zikawa zinachemka, moja jukwaani na moja safu ya tatu, na ukumbi ukaanguka wote. Mpiga ngoma alilalia ngoma. Springi alishuka nyuma ya stendi na safari hiyo hakupanda. Tulidhani amekasirika, mpaka tulipoona stendi inatikisika.

Alipopanda, alijifuta macho kwa tai. "Sehemu ya pili," alisema, "tangu mwanzo. Tafadhali."

Tulikuwa na vyumba ishirini na vinne vya kuacha kucheka. Nilinyoosha mkono nipewe miwani, Birika akakataa.

"Hapana. Safari hii nahesabu mwenyewe na naona mwenyewe."

Nikasimamisha karatasi yangu kati yake na nyusi ya Bomba, ndiyo huduma pekee niliyoweza. Birika alihesabu akitingisha kichwa, akaingia pale pale panapotakiwa. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Springi alianza kushuka. Cha sita, bata akakanyagwa.

Birika aliishusha tarumbeta, akavuta pumzi. Ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja naye. Fundi saa alikuwa amejijaza leso yote mdomoni. Akainua tena, akapiga cha sita, cha saba, cha nane, fidla zikampokea, tukamaliza wimbo, na watu wakapiga makofi kwa miguu na mikono.

Lakini hesabu ilikuwa hivi, na sote wawili tuliijua. Mara ya kwanza vyumba vinane vilitoka vyote, mahali pasipo pake. Mara ya pili vilitoka mahali pake, vikakatika.

Tulikuwa tunakaa mtaa mmoja, kwa hiyo nilirudi nao kwa miguu. Fundi saa alitangulia, mikono nyuma. Birika alibeba tarumbeta kifuani kama mtoto anayekwenda kuchanjwa. Kwenye kona ya duka la vitabu akashindwa kuvumilia.

"Baba. Niirudishe shuleni Jumatatu?"

Fundi saa alisimama. Akanyoosha koti. "Masharti ni masharti," alisema kwa sauti yake ya dukani. "Nilisema nisikie vyumba vinane, tangu mwanzo..." Akatulia. "Tangu mwanzo, hadi..." Tsss. Akaegemea ukuta wa duka la vitabu.

"Mzee, simama vizuri," mama alimwambia. "Watu watadhani umeugua."

Alimpungia mkono. Mama akamgeukia binti yake. "Hukujua, eti? Huyu alikuwa hivi hivi. Alipokuwa anajifunza kazi, alicheka juu ya meza ya bwana wake, akaipuliza springi ya saa ya mteja, walitambaa sakafuni siku mbili wakiitafuta. Alifukuzwa. Alipopata mahali pengine akajifunga kabisa, asicheke. Mimi nilimjua kabla hajajifunga, ndiyo maana nilikubali kuolewa naye."

"Mama! Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ungemchekesha, na saa za watu je?"

Fundi saa alijifuta uso, akaendelea na safari. Mlangoni kwao alifungua kufuli, akaingia. Birika alibaki kizingitini ananitazama. Nilisema tutaonana.

Jumapili mbingu zilikuwa wazi tangu alfajiri, baridi kidogo. Saa mbili nilikwenda kwao kuchukua karatasi yake ya nota, kwa kuwa nota zote zilitakiwa kurudi kabatini. Duka lilikuwa limefungwa kama kila Jumapili, lakini ubao mmoja wa mlango ulikuwa wazi, nikachungulia.

Birika alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ng'ambo ya meza ya baba yake. Juu ya kitambaa cheupe tarumbeta ilikuwa imefunguliwa yote, na pistoni zake tatu zimepangwa kwa mfuatano. Fundi saa alikuwa na kioo chake jichoni na kichupa cha mafuta ya saa mkononi.

"Hii ya pili hukwama kidogo, Baba," Birika alikuwa akisema.

"Naona. Imejaa uchafu. Mnaitunzaje ninyi?"

Alitia tone moja juu ya kila pistoni. Birika alizirudisha mahali pake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazibonyeza, zikateleza bila sauti. Akasimama katikati ya duka, akarekebisha miwani, akapuliza. Alifika chumba cha tatu, bata akakanyagwa. Fundi saa akaweka kichupa mbali na mkono wake, akajiinamia mezani, na ilichukua muda kabla hajapata pumzi ya kusema, "Anza tena."

Birika akaanza tena.